Ziwa la Mkono wa Mheshimiwa

Katika nchi moja ambayo si hii yetu, na mwenye shaka ruksa kuitafuta kwenye ramani, palikuwa na wilaya iliyoitwa Ubavuni. Iliitwa hivyo kwa sababu ilijilaza ubavuni mwa Jiji Kuu, na kazi yake kubwa ilikuwa hiyohiyo ya kulala. Watu wa Ubavuni walidamka alfajiri wakaenda kufanya kazi Jijini, wakarudi magharibi wakala, wakalala. Mchana kutwa wilaya ilibaki na kuku, mafundi wa mageti na serikali.

Jambo hili liliisononesha sana serikali. Wawekezaji waliwekeza Jijini, na Ubavuni walipita tu wamepandisha vioo vya magari. Ndipo ilipoanzishwa Ofisi ya Mandhari na Mvuto wa Wilaya, akawekwa humo bwana mmoja mtaratibu, mzaliwa wa hapohapo, aliyeitwa Kisaka. Kazi yake ilikuwa kuandika kitabu cha kuwaita wenye fedha zao. Kitabu kilikuwa na picha nyingi na karatasi ya kung'aa, na jina lake lilikuwa *Njoo Ubavuni*.

Kisaka hakuwa mwongo, tuelewane mapema. Aliandika alichoambiwa, na alichoambiwa kilikuwa kimekwisha pigwa mhuri. Ukurasa wa kwanza ulisema Ubavuni iko dakika ishirini kutoka Jiji Kuu. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Dakta Bungala, alipima mwenyewe siku ya Jumapili, ving'ora vikilia mbele na barabara ikiwa imefungwa kwa ajili yake. Ukurasa wa pili ulisifu Vilima vya Upepo Mwanana, ambavyo wakazi wa zamani walivifahamu kama jalala. Kitabu kilieleza kwamba anayesimama hapo hausahau upepo wake maisha, na hapo pia hakuna aliyeweza kubisha.

Sasa nchi ile ilikuwa na desturi yake, na kila nchi ina zake, tusicheke. Karatasi ikishapigwa mhuri wa serikali haikosei. Karatasi na dunia zikitofautiana, dunia ndiyo inayorekebishwa. Kwa hiyo kitabu kilipotoka, watu waliotumia asubuhi nzima kufika Jijini walianza kutozwa faini kwa kosa la kuuchafulia umbali jina. Wakazi hawakutaka ugomvi. Wakakubaliana kwamba safari huhesabiwa mtu anapobakiza dakika ishirini kufika. Yote yanayotangulia yakaitwa maandalizi ya safari. Serikali ikaridhika na foleni ikabaki vilevile.

*

Mambo yalianza kwenda mrama siku habari zilipofika kwamba wilaya jirani ya Kisogoni imepata mwekezaji, tena kwa sababu ya ziwa. Waliowahi kuliona walisema ni dimbwi la kunyweshea mbuzi. Lakini kitabu cha Kisogoni kiliandika ziwa, na mwekezaji alisoma kitabu, hakuwasoma mbuzi.

Mheshimiwa Bungala aliitisha kikao. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata akiagiza chai. Alizunguka meza mara kadhaa huku akiuliza ni lini Ubavuni ilinyimwa ziwa na nani aliyekuwa zamu siku hiyo. Akaagiza ramani ya wilaya itandazwe mezani, akaitazama, akavua saa yake, kisha akauweka mkono wake wa kulia juu ya ramani, vidole vimetanuka.

"Ziwa liwe hapa," alisema.

Kisaka akapewa kalamu ya buluu auzungushie ule mkono. Akaanza kwenye kifundo, akapanda kidole kidogo, akashuka, akapanda kingine. Mkono wa Mheshimiwa ulikuwa na jasho kidogo na pete mbili. Alipokifikia kidole gumba kalamu ilisita, kwa kuwa alitambua kilichokuwa chini yake. Kwenye ramani palikuwa peupe, hapakuchorwa hata nyumba moja, maana barabara ya kwenda huko ilikuwa mbovu na hakuna mpima ramani aliyejisumbua. Lakini Kisaka alitoka huko kila asubuhi. Chini ya kidole gumba cha Mheshimiwa palikuwa na nyumba ya mama yake mzazi.

Mheshimiwa akamuuliza kama kuna tatizo. Kisaka akameza mate, akasema hakuna, akamalizia kidole. Wengine walipopiga makofi naye akapiga. Hapa ningependa kumtetea, lakini nimetafuta la kumtetea nalo nimelikosa.

*

Mama yake, Bi Somoe, alikuwa dobi. Nusu ya mashati meupe ya serikali ya Ubavuni yalipita mikononi mwake, na waliokuwa wakihutubia kuhusu usafi walihutubia wakiwa wamevaa usafi wake. Maji aliyanunua kwa wachuuzi wa mikokoteni. Siku nyingine yalikuja na rangi ya chai, akalazimika kuyatuliza kutwa nzima ndipo afue. Tangu Kisaka hajaota meno alikuwa akienda ofisi ya maji kuomba bomba, na kila alipokwenda alijibiwa kwa adabu, "Liko njiani, mama." Karani wa kwanza kumjibu hivyo alikuwa amekwisha staafu. Aliyekuja baada yake alirithi kiti na jibu.

Jioni ile Kisaka alikula mlenda kwa shida.

"Mama, wamepitisha ziwa," alisema mwisho.

"Wapi?"

"Hapa."

Bi Somoe akageuza macho, akalitazama jiko, akautazama ua na kamba zake za nguo. "Hapa jikoni?"

"Jikoni, uani, mpaka kwa Mzee Shomvi kinyozi. Yeye yuko kidole cha shahada. Sisi tuko kwenye gumba."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukasemaje?"

Kisaka alikoroga mlenda ambao haukuhitaji kukorogwa. "Nilipiga makofi."

Bi Somoe hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliuliza kwa hamu ya kweli maji yatafika lini.

"Maji hayamo kwenye bajeti, mama. Ni ziwa tu."

*

Kitabu kipya kilitoka na ziwa lake la buluu lenye vidole vitano. Kando ya ziwa palichorwa hoteli, na ndani ya ziwa samaki akiruka kwa furaha. Mhuri ukapigwa. Tangu siku hiyo sehemu ile ya wilaya ikawa ziwa, na vumbi lililokuwepo likawa limekosea.

Utekelezaji ulianza mara moja. Ufuo ukawekewa mawe yaliyopakwa chokaa, kuufuata mkono wote. Ikapigwa marufuku kutembea ziwani kwa miguu. Maofisa waliohitaji kuingia humo walitengenezewa boti ya mbao isiyo na sakafu, ambayo waliingia ndani yake, wakaishika kiunoni, wakatembea nayo huku wawili wa mbele wakipiga makasia hewani. Watoto waliifuata wakiimba. Mbwa wa Mzee Shomvi aliibwekea mpaka akapoteza sauti.

Boti ikatia nanga uani kwa Bi Somoe, katikati ya mashuka. Ofisa mmoja akatangaza kwa kipaza sauti, ingawa aliyetangaziwa alikuwa ameketi hatua chache mbele yake, kwamba wakazi wote wa ziwani wahamie nchi kavu kabla ya siku ya uzinduzi. Atakayebaki atahesabiwa kuwa amekufa maji kwa hiari yake.

"Maji gani?" aliuliza Bi Somoe.

"Ya kiserikali," alijibu ofisa.

Mzee Shomvi, aliyekuwa amekuja kusikiliza na wembe wake mkononi, aliuliza kama mtu aliyekufa maji anaendelea kutozwa ushuru wa kiti cha kunyolea. Maofisa walishauriana botini kwa muda mrefu, ikabidi waizungushe boti kidogo ili isichukuliwe na mkondo. Mwisho walimjibu kwamba marehemu hatozwi ushuru, hadaiwi kibali wala haitwi kwenye mikutano. Mzee Shomvi akashukuru, akarudi kumalizia kichwa alichokiacha nusu.

Wengine waliogopa, wakabeba vitanda wakaenda kupanga vyumba ng'ambo ya mawe meupe. Kisaka mwenyewe alihamishiwa nyumba ya serikali, yenye feni. Aliahidiwa kwamba uzinduzi ukienda vizuri atakuwa mkuu wa ofisi nzima ya Mandhari na Mvuto. Alimbembeleza mama yake amfuate. Akamwambia chumba kipo, kitanda kipo, hata dirisha lina wavu. Bi Somoe alimsikiliza huku akipuliza mkaa kwenye pasi.

"Hiyo nyumba ina kamba ya kuanikia?" aliuliza.

Haikuwa nayo. Kanuni za nyumba za serikali zilikataza nguo kuonekana.

"Basi niache nizame," alisema, akaendelea na kola.

Jambo moja tu hakuna aliyelikumbuka hadi siku ya mwisho. Suti ya Mheshimiwa ya sherehe, ile ya rangi ya maziwa, ilikuwa kwa dobi. Boti ilikuwa imepelekwa kupakwa rangi kwa ajili ya uzinduzi, na bila boti suti ile isingetolewa ila na mzamiaji, nao wazamiaji wilaya haikuwa nao. Mheshimiwa ilibidi aazime suti ya dereva wake, mtu mwembamba sana.

*

Mwekezaji aliyealikwa aliitwa Bi Eufrasia. Alikuwa mzawa wa nchi ileile aliyeishi ng'ambo miaka mingi, akatajirika kwa kutengeneza magodoro. Alikuwa amesikia kuna wilaya ambayo watu wake hawafanyi lolote ila kulala, akaona hapo pana soko. Aliteremka garini na mwavuli, akasalimia, akatazama mbele yake. Aliona mawe meupe, vumbi, kinyozi akinyoa, na kwa mbali mama mmoja akianika mashuka.

Aliuliza kwa upole maji yako wapi.

Mheshimiwa Bungala alikuwa amelisubiri swali hilo. Alipanda jukwaani kwa uangalifu kwa sababu ya mishono ya suti.

"Wapo watakaouliza maji yako wapi," alianza. "Hao ni watu wa jana. Sisi tunakwenda kwa awamu. Ziwa ni awamu ya kwanza, maji ni awamu ya pili. Hata ninyi mlizaliwa kwanza, akili mkapewa baadaye. Mataifa mengine yalianza na maji, na leo yana mafuriko. Sisi tumejifunza kutokana na makosa yao."

Makofi yakalipuka. Aliendelea kueleza kina cha ziwa, utulivu wa mawimbi yake na jinsi lisivyo na mamba hata mmoja, jambo ambalo wilaya chache zenye maziwa zinaweza kuliapia. Kisha akasema kwamba hakuna ziwa kubwa lisilodai kafara, na kwamba wananchi kadhaa wamekwisha poteza maisha humo. Akamwita Ofisa Mandhari asome rambirambi.

Kisaka akapanda. Karatasi alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa na lugha nzuri. Jua lilikuwa kali na alikuwa hana kofia. Akasoma kwamba serikali ya wilaya kwa masikitiko makubwa imempoteza Bi Somoe binti Ngozoma, dobi hodari, jirani mwema, mama wa... Hapo sauti ikagoma. Akakohoa. Akarudia kuanzia kwenye dobi hodari, ikagoma palepale. Mheshimiwa akamsogelea akamnong'oneza kwamba amalize, limebaki neno moja.

Kule kwenye kidole gumba, marehemu alibana shuka la mwisho, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua, akamwona mwanawe.

"Kisaka," alipaza sauti, "umekunywa chai?"

Umati uligeuka. Wale wa serikali walitazama kila upande isipokuwa upande ule, kwa maana sauti ya aliyezama haisikiki rasmi. Kisaka aliisikia. Alikuwa hajanywa chai, wala jana yake hakula, na katika nyumba yenye feni hakuna aliyemuuliza. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Akashuka jukwaani, akavua viatu, akapandisha suruali mpaka magotini, kwa kuwa alikuwa mtumishi mtiifu na ziwani haingiwi na viatu. Kisha akaruka mawe meupe.

Watu walishika vichwa. Mama mmoja wa kikundi cha ngoma alianza kulia kwa kwikwi. Maofisa wakakimbilia boya la uokoaji wakalirusha, likaanguka kwenye vumbi, likaviringika, likalala. Mheshimiwa Bungala akavua kofia akaamuru ukimya wa heshima, na wote wakainamisha vichwa kumlilia kijana aliyekufa maji mbele ya macho yao, huku yeye akiwa ameshika ncha ya pili ya shuka mbichi.

"Umezama?" aliuliza mama yake.

"Nimezama, mama."

"Haya, kamua upande wako."

Bi Eufrasia peke yake ndiye hakuinamisha kichwa. Alikuwa anatazama.

*

Jina la Kisaka likafutwa serikalini, nyumba ya feni akapewa mwingine. Yeye akarudi kidole gumba, akajifunza kutia buluu kwenye mashati na kutounguza mikono kwa pasi. Usingizi wake ulirudi. Chai alikunywa.

Naye Mzee Shomvi, kwa vile marehemu hatozwi ushuru, akapunguza bei ya kunyoa. Wateja wakaongezeka. Kwanza walikuja kwa kificho, wakinyolewa jicho moja likiwa kwenye ufuo. Halafu fundi seremala mmoja wa nchi kavu, aliyeandamwa na vibali mpaka akawa haoni mbao, alivua viatu mchana kweupe, akaaga wanawe, akazama na randa yake. Kesho yake wanawe wakazama pia wakiwa na magodoro kichwani. Baada ya hapo wilaya haikuweza tena kuzuia misiba. Kila asubuhi palikuwa na foleni kwenye mawe meupe, watu wamebeba viatu mkononi, wakisubiri zamu ya kufa maji.

Ziwa likachangamka. Kwenye kiganja pakawa soko. Kwenye kidole cha kati wakakaa washonaji, na kwenye kidole kidogo mafundi wa baiskeli na waokaji wa mikate. Marehemu hawakuona sababu ya kudamka kwenda Jijini, kwa vile mwajiri hawezi kumdai maiti awahi kazini, kwa hiyo mchana wa Ubavuni kwa mara ya kwanza ukawa na watu. Yale yote yaliyoandikwa katika *Njoo Ubavuni*, biashara, utulivu, ukarimu, yalikuwa yametimia. Bahati mbaya yalitimia chini ya maji.

Bi Eufrasia alirudi. Maofisa walimkaribisha ofisini, wakamwonesha vibali anavyotakiwa kuwa navyo ili auze godoro katika nchi kavu. Vilikuwa vingi, viliwekwa kwenye toroli. Alivitazama, akashukuru kwa chai, akaomba wamsindikize hadi ufuoni apunge upepo. Wakamsindikiza. Alipofika kwenye mawe akavua viatu vyake vya visigino, akavishika pamoja na mwavuli, akawaaga mmoja mmoja kwa majina, akazama. Duka lake lilifunguliwa kwenye kidole cha pete, na wateja walijaribu magodoro mpaka wakapitiwa na usingizi.

*

Mwanzoni Mheshimiwa Bungala alifaidi. Wilaya nyingine zilimtumia rambirambi, na Jiji Kuu likatambua kuwa ziwa la Ubavuni ndilo la hatari zaidi nchini, jambo ambalo Kisogoni hawakuweza kulijibu. Lakini nchi kavu ilibaki na maofisa peke yao, wakitozana faini wenyewe kwa wenyewe, na kinyozi hapakuwa na hata mmoja. Mheshimiwa aliota nywele masikioni. Ndipo alipogonga meza akasema kama watu wamependa kukaa ziwani, basi wakae na maji. Awamu ya pili ianze.

Bomba ambalo lilikuwa njiani tangu Kisaka hajaota meno lilifika kabla ya wiki kwisha. Kumbe kuwazamisha watu kulikuwa na bajeti. Kuwanywesha ndiko hakukuwa nayo. Lilikuwa bomba nene, mtu angeweza kulala ndani yake, na mdomo wake ulielekezwa kwenye kidole gumba kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na mteremko.

Safari hii Kisaka hakumeza mate. Alikwenda mpaka kwenye mawe meupe, akasimama mbele ya Mheshimiwa aliyekuwa akikagua koki, akasema neno ambalo angelisema siku ile mezani.

"Mheshimiwa, chini ya kidole gumba chako anakaa mama yangu."

Alilisema kwa sauti, akalirudia, na mara ya tatu alilisema akilia, bila kuona haya. Mheshimiwa akawauliza maofisa wake kama wamesikia kitu. Wakasema ni upepo, unatoka vilimani. Marehemu hawezi kupokelewa malalamiko. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa. Koki ikafunguliwa.

Kisaka alikimbia kurudi nyumbani akipiga kelele kwamba maji yanakuja, watoke, waache kila kitu. Alimkuta mama yake ametoa nje kila chombo alichokuwa nacho. Ndoo, mapipa, beseni, sufuria, mpaka bakuli la mlenda, vyote vimepangwa uani. Bi Somoe alikuwa amejifunga kanga ya kifuani kwa kazi, na usoni alikuwa na furaha ambayo mwanawe hajapata kuiona.

"Unapiga kelele za nini?" alimwambia. "Leta pipa."

Maji yakaja, meupe, mengi, yakinguruma. Bi Somoe akakinga. Akaita wenzake wa kiganjani nao wakaja na ndoo zao, halafu wa vidole vyote. Waliteka kwa ajili ya kunywa, kufua, kukanda unga, kuoga kwa mara ya kwanza bila kupimiana kopo. Mafundi wakaunga mabomba madogo kwenye lile kubwa, yakaenda kila kidole. Bustani za mchicha zikachipua. Mheshimiwa akaagiza mashine ya kusukuma iongezwe nguvu, na watu wakaongeza ndoo. Kina cha ziwa hakikuvuka nyayo.

Mwisho Mheshimiwa alikuja mwenyewe kuona linakwama wapi. Alikuja kwa boti isiyo na sakafu, maofisa wakipiga makasia, na kwenye ua wa Bi Somoe miguu yake ikazama kwenye tope lililotokana na maji ya kufulia. Akavuta mmoja, mwingine ukazama zaidi. Maofisa wakaanza kubishana kwa kunong'ona kama miguu ya Mheshimiwa kisheria iko ndani ya boti au ndani ya ziwa, maana jibu lake lingekuwa na taratibu za mazishi.

Bi Somoe alitoka ndani na suti ya rangi ya maziwa mikononi, imepigwa pasi, inameremeta. Akaipitisha juu ya ukingo wa boti kwa mikono miwili.

"Uniwie radhi kwa kuchelewa, Mheshimiwa," alisema. "Sikuwa na maji."

Mheshimiwa aliipokea. Alimtazama yule mama ambaye alikwisha mwombolezea, akayatazama mashati yake mengine kwenye kamba, akatazama vidole vyote vitano vya mkono wake vikiuza, vikishona, vikioka. Nyuma yake Kisaka alikuwa amebeba ndoo, anangoja boti impishe njia. Hapo Mheshimiwa akasahau kwamba haruhusiwi kuongea na marehemu, akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kama anayo, ziwa litajaa lini.

Bi Somoe aliinama, akakamua shati, akalikung'uta. Alimjibu kwa adabu ileile aliyojibiwa yeye maisha yake yote.

"Liko njiani, baba."